Punje ya Haradali



Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili hapa Korogwe. Kwetu Handeni ukame ulikuwa mkali, mahindi yamekauka shambani. Kisha baba akafariki. Nikafunga sanduku langu nirudi nyumbani moja kwa moja.

Mwalimu mmoja akaniita, akanisimulia habari ya Buddha, ambaye wafuasi wake wana hekalu Upanga, Dar es Salaam. Mama mmoja, Kisa Gotami, alifiwa na mwanawe, akaomba dawa ya kumfufua. Buddha akamwambia alete punje ya haradali kutoka nyumba isiyopata kufiwa. Alibisha hodi kila mlango. Haradali ilikuwapo, nyumba hiyo haikuwapo. Akarudi, akamzika mwanawe.

Usiku ule bwenini niliwauliza wenzangu. Kila kitanda kilikuwa na msiba wake. Nikafungua sanduku, nikabaki. Likizo ilipofika, wao ndio walionichangia nauli. Baadhi yao wameketi hapa leo.

Vijana, shida peke yake haimkomazi mtu. Humkomaza anapotoka kubisha hodi kwa jirani. Basi, bisheni hodi.