Kibaba cha Ada

Kwa wakala wa fedha pale Tangi Bovu, Mbezi Beach, Dar es Salaam, mzazi anasoma namba ya malipo ya ada ya chuo tarakimu kwa tarakimu, zote 12. Akikosea moja, mfumo unagoma.

Mfumo si tatizo; tatizo ni kuipata ada yenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hukopesha kwa kupima uhitaji. Wapo wanaopata sehemu tu ya ada, na wapo wanaokosa kabisa. Pengo huzibwa na mama muuza samaki, ambaye riziki yake huja kwa siku, ilhali chuo hudai kwa muhula.

Vyuo vitangaze mapema ada pamoja na michango yote, na viruhusu awamu ndogondogo. Haba na haba hujaza kibaba, ila ukubwa wa kibaba ujulikane.