Ganda la Risasi Halijazwi Nyumbani

*Maandishi ya hotuba iliyoandaliwa kwa mikutano ya usalama ya wananchi katika wadi*



Hotuba hii inajibu swali moja. Siku hizi kwenye simu kuna video za watu wa ng'ambo walioketi gereji kwao, mashine ndogo iko mezani, wakijaza upya maganda ya risasi za bastola. Kazi inaonekana nyepesi kama kujaza chupa ya maji. Mwenye leseni ya bastola humu nchini akitazama bei ya risasi dukani, ni rahisi kujiuliza kama naye hawezi kuokoa pesa kwa njia hiyo. Kijana asiye na leseni akitazama video hiyo hiyo, anaweza kudhani ni ufundi kama ufundi mwingine, wa kujifunza na kuuza.

Jibu ni hapana, kwa wote wawili. Lakini katazo lisiloelezwa halikai kichwani, kwa hiyo ni vyema sababu zake zifuatwe moja baada ya nyingine.

Kilicho ndani ya risasi

Risasi moja ya bastola ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwenye kitako cha ganda kuna kiwashio, kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Ndani ya ganda kuna baruti. Juu kabisa kuna kichwa, ile sehemu inayoruka, ambayo mara nyingi ni madini ya risasi yaliyovikwa shaba. Madini hayo ndiyo yanayoshiriki jina na kitu chenyewe kwa Kiswahili.

Mwenye bastola anapofyatua, pini hugonga kiwashio, kiwashio huwasha baruti, na gesi ya baruti inayoungua hukisukuma kichwa kupitia mtutuni. Ganda hutupwa kando likiwa tupu. Kati ya sehemu zote nne, ni ganda tu linaloweza kutumika tena, na hapo ndipo wazo la kulijaza upya lilipotoka.

Kiasi cha baruti katika risasi ya bastola ya milimita 9 ni kidogo mno, kwa kawaida chini ya nusu gramu. Lakini nguvu yake si ndogo. Kipimo cha juu cha presha kinachokubaliwa kwa risasi ya kawaida ya aina hiyo ni 35,000 psi. Psi ni kile kipimo anachosoma fundi wa tairi kwenye geji yake. Tairi la gari dogo hujazwa takriban 32. Kwa hiyo ndani ya bastola, sentimita chache kutoka usoni na vidoleni mwa mtu, presha hufika zaidi ya mara 1,000 ya ile ya tairi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hatari ya kwanza inatokana na udogo huo wa baruti. Ganda la bastola mara nyingi halijai, na nafasi inayobaki inaweza kupokea kipimo cha pili bila anayejaza kugundua. Akiitwa mlangoni, au akipokea simu, anaporudi hajui kama lile ganda alikwisha kulitilia. Risasi yenye vipimo viwili inaweza kuipasua bastola mkononi.

Hatari ya pili ni kinyume chake. Akisahau kutia baruti kabisa, kiwashio peke yake huwa na nguvu ya kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo. Mpigaji husikia mlio hafifu, hudhani risasi imekataa, na hufyatua nyingine. Hiyo ya pili hukuta njia imezibwa, na mtutu unaweza kupasuka.

Hatari ya tatu haina mlio. Viwashio vya kawaida na vichwa vya risasi vina madini ya risasi, na vumbi lake hubaki juu ya meza, kwenye nguo na mikononi. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto anayekua, hata kwa kiasi kidogo. Mombasa inayajua. Wakaazi wa mtaa wa Owino Uhuru walidhurika na sumu ya madini hayo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Chanzo cha huko kilikuwa betri wala si risasi za bastola, lakini sumu ni ile ile, na haifai kuletwa kwenye meza ambayo familia inalia chakula.

Kwa nini Marekani wanajaza

Video nyingi zinatoka Marekani. Huko sheria ya taifa haimtaki mtu awe na leseni ili ajaze risasi za matumizi yake mwenyewe, ila akitaka kutengeneza za kuuza ni lazima apate leseni. Baruti, viwashio na vichwa vinauzwa madukani. Tangu mwaka 1926 kuna chama cha watengenezaji, SAAMI, kinachoweka vipimo vya risasi na presha zake, na kampuni za baruti huchapisha vitabu vya vipimo vya kila aina.

Hata kukiwa na hayo yote, anayeijua kazi hiyo huko hukaa peke yake bila simu wala televisheni, hupima kwa mizani, huvaa miwani ya kinga, hukagua kila ganda chini ya taa kabla ya kulifunga, na haweki aina mbili za baruti mezani kwa wakati mmoja. Video ya dakika tatu haionyeshi hayo. Haionyeshi pia kwamba mtu huyo yuko chini ya sheria nyingine, na sheria haisafiri pamoja na video.

Sheria ya Kenya

Humu nchini mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mtu haruhusiwi kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha kumiliki silaha, na vyeti husimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Inafaa isisitizwe kwamba sheria inataja risasi kando ya bunduki. Mtu anayekutwa na risasi moja mfukoni bila cheti ana kesi ya kujibu, hata kama hajawahi kushika bastola maishani.

Cheti chenyewe hakimwachii mwenye nacho uhuru wote. Kinaeleza silaha aliyoruhusiwa, na kinataja idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na idadi anayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Kinampa ruhusa ya kumiliki. Hakimpi ruhusa ya kutengeneza, kwa kuwa kutengeneza silaha na risasi ni kazi ya waliosajiliwa chini ya sheria hiyo. Baruti nayo ina sheria yake, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na kuiweka nyumbani bila kibali ni kosa la pekee. Hivyo anayejaza maganda kwake anaweza kujikuta na kosa chini ya sheria mbili kabla hajafyatua hata risasi moja.

Kenya ina kiwanda chake cha risasi. Kiko Eldoret, chini ya Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1997. Kwa hiyo ufundi wa kutengeneza risasi si mgeni nchini. Umewekwa mahali ambapo vipimo hukaguliwa na kila sanduku linaandikwa.

Risasi iliyohesabiwa na isiyohesabiwa

Hapa ndipo uzito wa jambo lenyewe ulipo. Sheria ya silaha inasimama juu ya hesabu. Duka lililosajiliwa huandika limeuza ngapi na kwa nani. Cheti hutaja ngapi zinaruhusiwa. Afisa wa polisi na polisi wa akiba hukabidhiwa risasi kwa idadi na huulizwa kwa idadi. Ikipotea moja, pengo huonekana.

Ganda nalo hubeba ushahidi. Kwenye kitako chake kiwanda hupiga alama, na mara nyingi alama hizo hutaja mtengenezaji na mwaka. Watafiti wa Small Arms Survey walipochunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa watu Turkana Kaskazini, katika ripoti yao ya mwaka 2008, walizisoma alama hizo ili kujua risasi zilitoka wapi. Mpelelezi anayeokota maganda mahali ng'ombe walipoibwa au mtu alipouawa huanzia papo hapo.

Ganda lililojazwa upya huivuruga hesabu hiyo. Alama yake hutaja kiwanda ambacho hakikuitengeneza risasi hiyo, na mwaka ambao haikutengenezwa. Haimo katika daftari la duka wala katika cheti cha mtu. Katika maeneo yenye wizi wa mifugo, bunduki haramu bila risasi ni gongo tu. Mwenye nayo anachotafuta kila wiki ni risasi. Fundi mmoja wa kujaza maganda akijulikana kijijini, hata kama alianza kwa kujifurahisha, wateja watamfuata usiku, na si wote watakaomwomba kwa upole. Mjane atakayezika baada ya hapo hatakuwa na alama ya kuwapelekea polisi.

Maganda na risasi zilizookotwa

Jambo hili linawahusu zaidi watoto. Mtoto huona ganda linang'aa akalichukua kama kitu cha kuchezea au cha kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Hawezi kutofautisha ganda tupu na risasi nzima. Risasi nzima ikitupwa motoni hulipuka, na vipande vya ganda huweza kuingia jichoni. Ikigongwa kwa jiwe au kwa msumari, kiwashio huweza kuwaka.

Wakaazi wa Archer's Post na Dol Dol wanajua gharama ya vyuma vilivyoachwa ardhini. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wakenya 228, kwa sababu ya vifo na majeraha yaliyotokana na mabomu yaliyobaki kwenye viwanja vya mazoezi ya kijeshi. Wengi wa aina hiyo ya wahanga huwa wachunga mifugo waliookota kitu wasichokijua.

Anayeona risasi au chuma cha aina hiyo asikiguse. Akumbuke mahali, aweke alama ya mbali kama vile tawi au rundo la mawe, azuie watoto na mifugo, kisha amweleze chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Nambari 999 na 112 hupigwa bila malipo. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayeletewa maganda naye asiyanunue, atoe habari.

Wajibu wa mwenye leseni

Mwenye cheti anayetaka kuokoa pesa na kubaki salama ana njia zilizo wazi.

Anunue risasi kwenye duka lililosajiliwa tu, za kipimo kilichoandikwa kwenye silaha yake, na aweke risiti.

Azihifadhi mahali pakavu, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Bastola ifungiwe pia, na ufunguo usiwe mahali mtoto anapopajua. Kuweka silaha salama ni wajibu wa kisheria.

Awe na daftari dogo: zilizonunuliwa, zilizotumika kwenye uwanja wa mazoezi, zilizobaki. Kila mwezi ahesabu na kulinganisha.

Zilizoota kutu, zilizobonyea au zilizolowa asizijaribu wala asizifungue ili kuona ndani. Azipeleke kituo cha polisi zikaandikwe na kuharibiwa.

Akisikia mlio hafifu anapofyatua, aache mara moja. Aelekeze mtutu mahali salama, aondoe risasi zilizobaki, na silaha ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa kabla ya kutumika tena.

Ikipotea risasi, hata moja, apige ripoti siku hiyo hiyo. Kuchelewa ndiko kunakomfanya mtu mwaminifu aonekane mshukiwa.

Ndugu wananchi, chini ya Katiba ya 2010 polisi na leseni za silaha ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, na kaunti haitoi wala haifuti cheti cha mtu. Lakini majeruhi hutibiwa katika hospitali za kaunti, na waliouawa huzikwa na majirani wa wadi hii. Ndiyo maana jambo hili limeletwa hapa mkutanoni.

Mzazi akirudi nyumbani leo, aulize watoto kama kuna aliyeokota ganda, na aulize kwa sauti isiyowatisha ili waseme kweli. Mwenye leseni afungue kasha lake, ahesabu, aandike. Kijana aliyehifadhi ile video na aendelee kutafuta ufundi: kuchomelea vyuma, umeme, ushonaji, pikipiki. Vyuo vya ufundi vya kaunti viko wazi kwake, na huko akikosea hurudia kesho yake.