MAITI NAYE ANA USHAHIDI
Tufanye nini mtu anapofariki ghafla kijijini?

(Mazungumzo ya mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Diani na Msambweni.)



Siku nyingine tunaongea habari za kuku, mikopo na michango. Leo nataka tuongee juu ya kifo cha ghafla, kwa sababu nimeona kikundi kikivunjika kwa ajili yake.

Katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, mgema alikutwa asubuhi chini ya mnazi, amekwisha kufa. Kibuyu kiko kando, kisu kiko kiunoni. Kila mtu akasema, ameanguka. Akainuliwa, akaoshwa, akazikwa siku ile ile. Polisi hawakuambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwapo. Nilipitisha daftari la mchango nikadhani nimefanya kazi njema.

Baada ya wiki tatu maneno yakabadilika. Mbona mtu aliyekwea minazi maisha yake yote aanguke siku hiyo? Mmoja akasema aliona alama shingoni. Mwingine akasema hakukuwa na alama. Mwisho wake kidole kikaelekezwa kwa bibi mmoja mzee, jirani yake, ambaye waliwahi kugombana juu ya mpaka wa shamba. Wakasema ni mchawi. Bibi huyo alikuwa mwanachama mwenzetu. Usiku mmoja nyumba yake ikachomwa. Mungu alimnusuru, lakini hajarudi mpaka leo, na shamba lake linalimwa na watu wengine.

Nilijiuliza, nani angeweza kumtetea yule bibi? Nikaona ni yule mgema mwenyewe. Mwili wake ungeweza kusema, "Nilianguka," au "Moyo ulisimama nikiwa juu," au hata "Nilipigwa." Sisi tulimzika pamoja na ushahidi wake. Mwajua wenyewe jinsi wazee wanavyouawa hapa Kwale na kule Kilifi kwa kusingiziwa uchawi. Penye kifo kisichoelezwa, uvumi hupata nafasi.

KAZI YA KUCHUNGUZA KIFO

Katika nchi kama Marekani wako watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Wanafika alipofia mtu, wanautazama mwili na mahali penyewe, wanaongea na jamaa, kisha wanamwandikia daktari. Hapa Kenya Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Lakini kijijini anayetakiwa kuitwa ni polisi. Sheria inamtaka, akipata habari kuwa mtu amejiua, ameuawa, amekufa kwa ajali au kwa njia ya kutilia shaka, ampashe hakimu habari na kwenda mahali mwili ulipo. Daktari anaupima mwili. Hakimu anaweza kufungua uchunguzi, na anaweza hata kuamuru kaburi lifukuliwe.

Je, wanatafuta nini? Mtu akifa, damu haizunguki tena, inatuama upande wa chini na kufanya doa la rangi ya zambarau. Baada ya saa kadhaa doa hilo halihami tena. Mtu akikutwa amelala chali na doa liko kifuani, basi kuna aliyemgeuza. Mwili nao huanza kukakamaa baada ya saa chache, kisha hulegea tena. Hiyo humsaidia daktari kukadiria saa ya kifo, ingawa joto letu la pwani huharakisha mambo. Sasa, ukimnyosha marehemu umeuvunja ule ukakamavu. Ukimwosha umeondoa damu, mchanga, pengine na unywele wa mtu mwingine.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Kuanzia Aprili 2023, kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Madaktari wa serikali wakiongozwa na Dkt. Johansen Oduor waligundua kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, hata watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Jamaa walitolewa vipimo vya DNA ili kila mwili upate wenyewe. Familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Hata udongo haukuweza kuuficha ukweli wote, lakini kuutafuta baada ya mazishi ni kazi ndefu na ya uchungu.

SISI TUFANYE NINI?

1. Kwanza hakikisheni kweli amefariki. Kama kuna pumzi, mwokoeni, mengine baadaye. Aliyejinyonga akiwa bado hai, kateni kamba mbali na fundo.

2. Kama amekwisha fariki, msimguse wala kumwosha. Msiokote panga, chupa ya dawa wala kamba. Wekeni vijana wawili wazuie watu.

3. Mpigieni naibu wa chifu na polisi. Ulizeni nambari ya OB, muiandike katika daftari la kikundi.

4. Andikeni nani alimkuta, saa ngapi, amelalaje, na nani alimwona mara ya mwisho akiwa hai. Andikeni mlichokiona, si mlichokisikia.

5. Mochari, jamaa wanaomfahamu wawepo kumtambulisha. Familia inaweza pia kumleta daktari wake ashuhudie upasuaji.

Najua ndugu zetu Waislamu watauliza, na kuzika je? Kuharakisha mazishi ni heshima kwa maiti, nami siipuuzi. Ndiyo maana nasema polisi waitwe saa ile ile, si kesho. Mkichelewa kuwaita, ndipo na mazishi yanapochelewa. Wazee wa msikiti wafuatane na familia, waombe uchunguzi ufanywe mapema na mwili urudishwe kwa heshima. Kumwepusha mtu asiye na kosa na moto, hilo nalo Mungu analipenda.

Tena msisahau karatasi. Kifo cha nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, naye hutoa kibali cha kuzika. Kibali hicho si cheti cha kifo. Cheti hutafutwa katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Bila cheti, mjane atazungushwa benki, NSSF na kwenye kesi ya kurithi shamba.

Wapendwa, yule bibi simwoni tena kwenye mkutano wetu, na kila nikifungua daftari naona jina lake. Siku ile tungesubiri saa chache tu, pengine angekuwa amekaa hapa mbele.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kila mwanachama ana nambari ya simu ya naibu wa chifu na ya kituo cha polisi?
2. Kikundi chetu kitafanya nini uvumi wa uchawi ukianza baada ya mazishi?
3. Katika pesa za mchango wa msiba, tunaweza kutenga kiasi cha kusafirisha mwili hadi mochari?