Uangalie Mkono Wako

Somo letu la leo ni juu ya kujiangalia.

Mtu akizoea kazi, mkono wake huenda wenyewe. Asubuhi unaingia kibanjani na panga, unakata majani makavu, huku mawazo yako yako kwenye bei ya kahawa. Jioni ukiulizwa, "Ulianza na mgomba upi?" hukumbuki.

Kusahau huko kuna hasara. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ukaingia Kagera. Vijidudu vyake havionekani kwa macho, nao husafiri katika utomvu ulioshika panga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa panga lile lile, huo nao utaugua. Dawa ya kuuponya hakuna.

Basi tufanyeje? Kabla ya kuhama kutoka shina hadi shina, simama. Jiulize: "Mkono wangu umetoka wapi, nao unakwenda wapi?" Kisha pitisha panga motoni mpaka lipate moto sana. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

Zoea kusimama hivyo hata mlangoni pa nyumba yako. Hasira uliyoipata sokoni ni kama utomvu ule: usiwapelekee watoto.

Swali la kuzungumza darasani: Leo umefanya kazi gani bila kujiangalia?