Maajabu Yaliyo Karibu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wageni katika ukumbi wa hekalu, wakati wa maadhimisho)



Kamati imeniomba niseme kwa Kiswahili, nami nimefurahi. Kigujarati ndiyo lugha niliyoimbiwa nikiwa mchanga. Kiswahili ndiyo lugha iliyonilisha kwa zaidi ya miaka 40, nikiuza vyombo vya jikoni Kariakoo. Masomo yangu yaliishia sekondari, kwa hiyo msitarajie falsafa nzito. Nitasema yale ambayo muuza masufuria huyaona akiwa nyuma ya kaunta yake.

Katika miezi ya karibuni vijana watatu wa jumuiya yetu walikuja dukani kuniaga. Mmoja anakwenda Leicester, wawili Toronto. Niliwatakia heri kwa moyo mweupe, maana babu zetu nao waliwaaga watu wao kule Kutch na Kathiawar, na mjukuu wa msafiri hana haki ya kumlaumu msafiri. Lakini mmoja wao aliniambia, kwa adabu kabisa: "Kaka, hapa hakuna cha kumshangaza mtu. Kila siku ni ileile." Neno hilo limenikaa rohoni. Aliyekwenda kutafuta kazi huenda akarudi siku moja. Aliyeondoka kwa kuwa haoni kitu, atarudia nini?

Hali mnaijua. Leo ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni. Lakini Jumanne jioni, kengele ya aarti ikilia, huwa tumesimama watu 12 tu, na mimi mwenye miaka 66 nahesabiwa miongoni mwa vijana.

Sisi wazee, tukilalamikiwa hivyo na watoto wetu, tuna dawa moja tunayoitoa kwa wote. Tunawasimulia habari za magari ya angani ya Ravana, za mahekalu ya marumaru, za wafalme waliovaa dhahabu. Watoto husikiliza kwa heshima huku kidole kikiendelea kusogea kwenye simu. Sisemi habari hizo hazina thamani. Nasema tumewafundisha kwamba ajabu ni kitu cha mbali, cha zamani, na lazima kiwe kikubwa.

Maandiko yetu wenyewe hayafundishi hivyo. Kila mtoto hapa anajua kisa cha Krishna kula udongo. Wenzake wanakwenda kumshtaki kwa mama yake. Yashoda anamshika, anamwambia apanue kinywa. Ni mama tu, anafanya lile ambalo kila mama wa Kariakoo amewahi kulifanya. Na ndani ya kinywa kile kidogo anaona milima na bahari, mwezi na nyota, kijiji chao, hata yeye mwenyewe akiwa amesimama pale. Arjuna alipooneshwa jambo kama hilo, ilikuwa uwanja wa vita, na alihitaji kupewa macho ya pekee. Yashoda alikuwa nyumbani kwake, na kilichomfikisha pale ni udongo mdomoni mwa mtoto. Tena sehemu ninayoipenda zaidi ni inayofuata: anasahaulishwa, anampakata mwanawe, na maisha yanaendelea kama kawaida.

Naomba sasa tutazame vinywani mwa watoto wetu wenyewe.

Kijana yule aliniita Kaka. Kwetu kaka ni ndugu wa kiume wa baba. Kwa majirani zetu ni ndugu mkubwa. Dada, kwa Kigujarati, ni babu mzaa baba, mwenye mvi na fimbo. Ukitoka nje ya mlango tu, dada ni msichana. Mama kwetu ni mjomba, tena mwenye ndevu! Mtoto aliyelelewa katika nyumba zetu, kabla hajafikisha miaka minne, anajua haya yote. Ndani ya nyumba anamkimbilia Dada apewe peremende. Nje anamwita dada wa jirani amfungulie lango. Hakosei, wala hakuna aliyeketi naye kumfundisha. Nimewaona wataalamu wakija dukani na tarakilishi zao wakijitahidi kuelewa lugha moja, na pembeni yao mjukuu wangu akivuka mipaka ya lugha mbili akiwa hana viatu.

Na si watu peke yao, maneno nayo yamevuka. Mteja wangu akinunua karai, akilipa kwa pesa, akapakia mzigo kwenye gari, gunia zima la bidhaa, akasema ameuziwa vitu vya laki moja, ametamka maneno matano yenye asili ya Bara Hindi, naye hana habari. Wala hahitaji kuwa nayo, kwani ni Kiswahili chake kwa haki kamili. Kwa upande wetu, nyumba ya Kigujarati ya Afrika Mashariki haina neno jingine la sufuria isipokuwa sufuria, wala la fagio isipokuwa fagio. Muhogo tumeufupisha, tunauita mogo. Basi nendeni London, katika migahawa ya Wembley na Harrow, mtaukuta umeandikwa hivyo katika orodha ya vyakula: mogo. Mwingereza anaagiza, anakula, anadhani ni neno la Kihindi. Ni neno la mkulima wa pwani hii, limepanda ndege na sisi.

Nawaomba pia mfikirie upepo. Mwezi wa Juni kusi inapovuma na kupindisha minazi, tunalalamikia vumbi na kufunga madirisha. Upepo huo unavuka ikweta, unakimbia kando ya pwani ya Somalia, unageuka kuelekea kaskazini mashariki, na ukifika Bara Hindi huwa umebeba maji ya bahari nzima. Ndiyo mvua ambayo mkulima wa pamba na karanga wa Saurashtra anaingojea huku ametazama juu. Mazao ya binamu zetu yananyeshewa na upepo uliopita kwetu kwanza. Majahazi ya Mandvi yalikuja huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na katika mwezi mpevu wa Shravan, ukali wa bahari unapoanza kutulia, mabaharia wa Gujarat hutoa nazi baharini kuomba njia salama. Nazi ya namna hiyohiyo tunaipasua hapa mbele ya madhabahu, na nyumba ya tatu kutoka hapa, jioni ya leo, mama mmoja ameketi juu ya mbuzi anaikuna apate tui. Sijui kama kuna tunda jingine lenye kazi nyingi za heshima kama hilo.

Hata kunguru! Wale wenye shingo ya kijivu wanaotuibia samosa waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Halmashauri zetu zimepambana nao, na sababu zao nazielewa. Lakini kila mwaka, katika siku za Shraddh za kuwakumbuka marehemu, tunapanda juu ya paa na puri na dudhpak, tunawaita kunguru waje kula kwa niaba ya mababu zetu. Wanaokuja ni uzao wa wahamiaji, kama sisi tunaowaita.

Nimalizie na vitabu vya hesabu, maana hapo ndipo nilipo nyumbani. Usiku wa Diwali, katika Chopda Pujan, tunaviombea baraka vitabu vya biashara. Miaka michache iliyopita mfanyabiashara kijana aliweka mashine yake ya risiti za kodi katikati ya madaftari mekundu, na kompyuta kando yake. Baadhi ya wazee walinung'unika. Mimi nilimtetea, na ningemtetea tena leo. Mwaka 628, Brahmagupta wa mji wa Bhinmal, ulio Rajasthan si mbali na Gujarat, aliandika kanuni za kuhesabu kwa kutumia shunya, yaani utupu, kama namba kamili kati ya namba nyingine. Waarabu waliipokea, wakaiita sifr. Waswahili waliipokea kwa Waarabu, wakaiita sifuri. Ndani ya mashine ile ya risiti hakuna kinachofanya kazi isipokuwa sifuri na moja. Kijana yule aliirudisha sifuri mbele ya taa ya Lakshmi, akapakwa kumkum kidoleni, akaenda zake kufungua duka.

Wahenga wa tamthilia za Kisanskriti, katika Natyashastra, walitaja hisia nane zinazoamshwa na sanaa, na ya mwisho waliiita adbhuta, mshangao. Nadhani hisia hiyo inahitaji mazoezi kama zilivyo nyingine, na mazoezi hayo yanaweza kufanyika Kariakoo.

Kwa hiyo nimeleta kitu. Ni daftari la kawaida la kurasa 200, la mistari, kutoka duka la jirani yangu. Kamati imekubali likae juu ya meza pale tunapovulia viatu. Kila anayekuja kwenye aarti, mkubwa au mdogo, Mhindu au mgeni, anaweza kuandika jambo moja aliloliona wiki hiyo likamsimamisha, kwa lugha yoyote anayoijua. Kalamu imefungwa kwa uzi, msiende nayo. Wanaokwenda Leicester na Toronto nao wanaweza kututumia yao kwa simu, tutawaandikia.

Ukurasa wa kwanza umeshaanza. Bwana anayetupikia jikoni tangu miaka mingi, mzaliwa wa Lushoto, ambaye hutambua kwa pua tu kama hing imezidi katika dal, aliliona daftari asubuhi ya leo, akauliza ni la nini, akafuta mikono, akaandika mstari mmoja. Sitausoma hapa. Umekaa pale mlangoni, karibu na viatu vyenu.