Kuchagua Maeneo ya Kuzamia Kutoka Ufukweni, Ziwa Nyasa Kaskazini: Tuanze na Barabara ya Mbeya

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wadau wa utalii wa ziwa, Kyela



1. Utangulizi

Nimeombwa kuzungumzia vigezo vya kuchagua maeneo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, kwa ajili ya vikundi vya wageni wanaofika Kyela kwa siku mbili tatu. Kichwa nilichopewa ni kipana. Yale ambayo wengi humu mnayafahamu nitayapita haraka, ili nipate nafasi ya jambo moja ambalo nimelipigia kelele miaka mingi na bado halijaingia kwenye ratiba zetu.

2. Maana ya maneno

Kuzamia kutoka ufukweni ni kuingia majini kwa miguu yako na kutoka kwa miguu yako, bila kutegemea boti. Eneo linalofaa lina pa kuingilia, pa kutokea, kitu cha kutazama chini, na njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye tiba. Kila kitabu cha mafunzo kinasema hivyo. Naomba mkishike hicho kigezo cha mwisho.

3. Ufukwe wetu ulivyo

Kuanzia mdomo wa Mto Songwe, kupita Itungi na Mwaya hadi kukaribia Matema, ufukwe ni wa mchanga na tope. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inamwaga maji yake upande huu, na Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Masika yakikolea, Machi hadi Mei, maji ya karibu na midomo ya mito huwa mekundu na mzamiaji haoni mkono wake. Kwenye midomo hiyo hiyo kuna mamba. Sehemu hii yote naiondoa kwenye orodha, na sidhani kama kuna mwenyeji atakayenipinga.

Ukipita Lyulilo, mchanga unakwisha na Milima ya Livingstone inaingia ziwani. Kuanzia hapo hadi Ikombe, kwenye kijiji cha Wakisi wafinyanzi, na kuendelea kusini hadi Lumbila upande wa Ludewa, mwamba unashuka chini ya maji kwa mteremko ule ule unaouona juu. Hapa ndipo wageni wanapotaka kufika, na wana haki. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na sehemu kubwa ya aina hizo haipatikani kwingine. Mbuna, wale samaki wadogo wa miambani wenye rangi ya samawati, njano na zambarau, hula mwani uotao juu ya mawe, na mwani unahitaji jua. Kwa hiyo mbuna wengi wako mita chache tu kutoka juu. Ukikaa mita 5 hadi 10, jiwe moja lenye ukubwa wa meza linakutosha nusu saa: dume analinda mwanya wake, jike kafumba mdomo uliojaa mayai, na pembeni vifaranga wanasubiri. Ukishuka mita 30 unakuta mawe yenye vumbi na giza. Nalisema hili mapema kwa sababu nitalihitaji baadaye.

Msimu mzuri ni Septemba hadi Novemba. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi, ambao majirani zetu wa Malawi huuita Mwera, unavuma kufuata urefu wa ziwa lenye zaidi ya kilomita 500, na mawimbi yote hayo yanakuja kuvunjikia Matema. Kumtoa mtu majini kwenye mawe siku kama hiyo, mtungi ukiwa mgongoni, ni kumvunja miguu. Nyavu za wavuvi wa usipa nazo zizingatiwe: pasipoulizwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha kijiji zimetegwa wapi, pasizamiwe. Kichocho kipo kwenye maji tulivu yenye majani, basi wageni waingilie kwenye mawe na wapimwe baadaye. Haya yanajulikana.

4. Tatizo lenyewe

Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mafunzo ya uzamiaji huhesabu kuwa kuanzia mita 300 mzamiaji yuko nyanda za juu, na majedwali ya baharini hayamfai bila kurekebishwa. Mita 18 za Ikombe zichukuliwe kama 19 au 20 za baharini, kule Mafia. Marekebisho hayo ni madogo, na kompyuta nyingi za kuzamia huyafanya zenyewe. Yasingetosha kuwa mada.

Mada ni safari ya kurudi. Aliyezamia Matema akitaka kwenda nyumbani hupita Ipinda na Kyela, akapanda Tukuyu, akapita Isongole kwenye barabara iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndipo akashuka Uyole na kuingia Mbeya. Kwa saa chache tu anatoka kwenye hewa yenye shinikizo la asilimia 94 hivi ya lile la pwani, anaingia kwenye hewa yenye chini ya asilimia 79. Anayetaka kuliona hilo kwa macho afunge vizuri chupa tupu ya maji pale Isongole na kuiweka kwenye dashibodi. Akifika Ipinda ataikuta imebonyea. Akifunga nyingine Matema, itafika Isongole imetuna.

Mzamiaji akiwa chini, mwili wake hunyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa ya mtungi. Akitoka majini, gesi hiyo haimwishi papo hapo. Inaendelea kutoka kupitia mapafu kwa saa nyingi. Shinikizo la nje likipungua kabla haijatoka ya kutosha, hugeuka viputo ndani ya damu, maungio na uti wa mgongo. Dalili huanza na maumivu ya bega au goti, ganzi, uchovu usioelezeka, na wengine hupooza. Ndiyo maana mzamiaji hakatazwi kula wala kulala baada ya kuzamia, bali hukatazwa kupanda ndege. Miongozo iliyotokana na warsha ya wataalamu ya mwaka 2002, ambayo shirika la Divers Alert Network (DAN) linaifuata, inasema asubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ikiwa amezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Miongozo hiyo inahusu kimo cha kuanzia mita 600 hivi hadi 2,400 ndani ya ndege. Isongole iko humo. Kwa mwili wa mzamiaji, Coaster ya Kyela kwenda Mbeya ni ndege.

Sasa chukueni ratiba tunazouza. Siku ya kwanza, kufika. Siku ya pili, kuzamia mara mbili. Siku ya tatu, kuzamia asubuhi, chakula cha mchana, saa nane kuondoka kwenda Mbeya ili mgeni awahi ndege ya kesho yake kwenye Uwanja wa Ndege wa Songwe. Nimeikuta ratiba hii, kwa maneno tofauti kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwandaaji mmoja wa safari alinijibu kwamba imeshachapwa. Mwingine akasema watalala Tukuyu, kana kwamba hilo ni suluhisho. Tukuyu yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi. Kulala huko ni kupanda nusu ya mlima. Nimemwona kijana mwenye afya njema akishuka garini Uyole akisugua bega, anasema ni begi. Hakuna aliyejua kama ni begi, na hakuna aliyekuwa na namna ya kujua.

Linalonikosesha usingizi ni hatua inayofuata. Mgonjwa wa viputo anahitaji oksijeni mara moja na kisha chumba cha shinikizo. Chumba cha namna hiyo kilicho nchini kwetu kiko Zanzibar. Kumfikisha huko kutoka Matema kwa barabara zetu, lazima apandishwe mlima ule ule uliomwumiza, au ambao ungemwumiza. Barabara ya kwenda kwenye tiba inazidisha ugonjwa. Pwani hawana tatizo hili. Mwalimu aliyefundishwa Nungwi, Zanzibar, hajawahi kulifikiria, na simlaumu. Sisi ndio wenyeji wa mlima. Njia ya lami inayobaki usawa wa ziwa ni ya Kasumulu kuelekea Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Malawi, ambako kuna uwanja wa ndege. Hiyo nayo inahitaji pasi, kibali na mtu wa kupokea simu usiku.

Sisemi kwamba taasisi husika hazifanyi kazi. Mamlaka za bandari na za vyombo vya majini zina sheria zake, halmashauri ina vipaumbele vyake, na uzamiaji ni shughuli ndogo. Lakini kila ninapolileta suala hili naelekezwa ofisi nyingine, nayo ofisi hiyo hunielekeza nilikotoka. Barabara si ya maji, na maji si ya barabara.

5. Mapendekezo

Eneo la kuzamia lichaguliwe kwa kuanzia saa ya kuondoka, siyo kwa uzuri wa mwamba. Mgeni anayeondoka kesho asubuhi ana maeneo yake. Anayebaki siku nne ana mengine.

Siku ya mwisho isiwe ya mtungi kabisa. Mgeni atazame mbuna kwa barakoa na bomba la kupumulia tu, kwenye mawe ya mwisho wa ufukwe wa Matema. Nimeshasema kwamba mbuna wako juu, hapotezi kitu.

Baada ya kutoka majini mara ya mwisho, saa 24 kamili zipite kabla ya kupanda Tukuyu. Miongozo inasema 12 na 18, ila huku kwetu tiba iko mbali. Sisi tuongeze.

Kina kisizidi mita 18 kwa mgeni yeyote, na maeneo tunayoyatangaza yawe yale ambayo mita 10 zinatosha. Ikombe panafaa kwa sharti hilo. Vifaa vipelekwe kwa mtumbwi, maana kijia cha mlimani si cha kubebea mitungi, na mtumbwi usubiri hadi wa mwisho atoke.

Midomo ya mito isitumike msimu wowote, hata maji yakionekana safi.

Nyumba za wageni za Matema zitoe bei nafuu ya usiku wa ziada kwa waliozamia. Usiku huo ndio dawa ya bei rahisi kuliko zote tulizo nazo. Siku ya kusubiri itumike: soko la vyungu la Lyulilo siku ya Jumamosi, mashamba ya kokoa, chakula cha mchele wa Kyela. Wafanyabiashara wenzangu, hii ni pesa.

Kila kikundi kinachozamia kiwe na mtungi wa oksijeni ya tiba na mtu anayejua kuitumia, na Hospitali ya Matema ipewe taarifa kabla kikundi hakijafika, siyo baada ya mtu kuanguka.

Halmashauri iwakutanishe maafisa wa Kasumulu na wenzao wa upande wa pili wakubaliane, kwa maandishi, jinsi ya kumpitisha mgonjwa usiku. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji kikao kimoja.

Ratiba zilizochapwa zichapwe upya. Narudia: kuzamia asubuhi na kuondoka saa nane ifutwe.

La mwisho ni la madereva. Kabla ya kuwasha gari pale Matema, dereva amuulize kila abiria alitoka majini saa ngapi, aandike, na awe na mamlaka ya kukataa kuondoka bila kukatwa posho. Fomu nimeiandaa, iko mezani kwa Katibu. Ina mistari mitatu: jina, saa ya kutoka majini, saa ya kuondoka. Naomba ijadiliwe leo, kabla ya chakula.