Injini ya Kutia Katika Land Rover Kuukuu
Mazungumzo kwa wenye magari wa Kakamega



Katika sehemu za Kakamega yako magari yenye umri kupita madereva wake, na mengi kati ya hayo ni Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya magari huko Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Mabati yake ni ya alumini, nayo hayaliwi na kutu kama chuma. Kwa sababu hiyo gari la miaka hamsini laweza kuonekana zima machoni pa mtu hali injini yake imekwisha kabisa.

Na afikiriwe mtu mmoja wa upande wa Shinyalu, karibu na msitu, mwenye Land Rover ndefu ya Series III inayotumia petroli. Siku za soko gari lake hubeba ndizi na mahindi. Usiku, mvua ikinyesha na pikipiki zikishindwa na utelezi, ndilo limchukualo mama mwenye uchungu wa uzazi mpaka hospitali ya Kakamega mjini. Sasa injini yatoa moshi wa buluu, yanywa oili kama maji, na mlimani haina nguvu. Mwenyewe ameuza ng'ombe wawili, na fedha alizopata zatosha kazi moja tu. Akikosea, hana ng'ombe wa tatu wa kuuza.

Washauri hawakosekani. Mmoja humwambia atie injini ya Toyota, mwingine Isuzu, na wa tatu, ambaye kwa kawaida ni kijana, humsifia injini kubwa yenye nguvu za kupita magari yote njiani. Kila mmoja husema habari za injini peke yake. Lakini injini haikai peke yake. Imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi kwenye propela, propela kwenye difu na ekseli, na vyote hivyo vimefungwa juu ya fremu ya chuma. Basi swali la kwanza si injini ipi iliyo bora, bali ni injini ipi ambayo gari hili laweza kuivumilia.

Kwanza fremu itazamwe. Kakamega hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na tope jekundu hukaa ndani ya fremu mwezi baada ya mwezi. Fundi apige fremu kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma, hasa pale springi zinaposhikia. Ikiwa nyundo yazama, fedha za ng'ombe ziende kwenye fremu, na habari ya injini ingoje.

Pili, ugonjwa wa injini ya zamani ujulikane kabla ya kuihukumu kufa. Moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua. Huenda ikawa ni ringi za pistoni, huenda ikawa ni valvu tu. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni aweza kujua kwa muda wa saa moja. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyoanza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958 ni ya chuma kizito, na silinda zake zaweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Injini nyingi zimetupwa nyuma ya nyumba kwa kosa ambalo lingetengenezwa hivyo. Ila jambo moja lisisahauliwe: injini hizo zilizoundwa kabla ya mwaka 1980 zina beringi kuu tatu za kushika kranki, na zile za baadaye zina tano. Mwenye kununua kranki au beringi bila kujua yake ni ya aina gani atarudi dukani mara ya pili. Tena, petroli yenye risasi ilikomeshwa katika Kenya na nchi jirani mwisho wa mwaka 2005. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Kwa hiyo kichwa cha injini kikifunguliwa, ni vema valvu za kutolea moshi zitiwe viti vya chuma kigumu.

HESABU YA MLIMA

Mji wa Kakamega uko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,500 na zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo, yaani kipulizio cha kusukuma hewa ndani, hupoteza karibu sehemu tatu katika mia za nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda. Injini ile ya petroli, iliyohesabiwa kuwa na nguvu za farasi 70 kiwandani, hapa hutoa kama 60 tu. Ndugu yake ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi 62, nayo hapa hubaki na 53 hivi. Hii ndiyo sababu Land Rover ya dizeli ya zamani, iliyopakiwa watu kumi na magunia, hupanda kutoka Kisumu kuelekea Kiboswa na Majengo kama mzee mwenye kuhesabu hatua zake. Haikuharibika, ndivyo ilivyo.

Yuko basi atakayesema: dawa yake ni tabo. Kweli, kipulizio hicho, kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zilizopotea. Injini ya dizeli ya Land Rover iitwayo 200Tdi, iliyotokea mwaka 1989, ina lita 2.5 na nguvu za farasi 107 katika gari la Defender. Ni ya ukoo mmoja na injini za zamani, na hushikana na giaboksi ya Series bila bamba la kuunganishia katikati. Iliyofuata, 300Tdi ya mwaka 1994, haishikani hivi hivi. Yataka kutobolewa au kutiwa bamba. Tatizo liko nyuma yake. Mkazo wa kuzungusha wa 200Tdi wazidi ule wa injini ya petroli ya zamani kwa zaidi ya mara moja na nusu, na giaboksi ya Series haikuundwa kwa mkazo huo. Dereva mpole ataendesha miaka mingi. Dereva mwenye haraka atavunja meno ya gia au ekseli siku ya kwanza ya tope. Na katika nchi hii ni mara chache gari kuendeshwa na mtu mmoja tu.

Ama injini kubwa ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, ni injini ya kusifiwa mahali pake. Mahali pake ni ndani ya Land Cruiser. Ni ndefu na nzito. Kuitia katika Land Rover ya silinda nne ni kukata bati la mbele ya miguu ya dereva, kusogeza rejeta, na kulemea springi za mbele. Ng'ombe wawili hawatoshi.

Zabaki injini za dizeli za kawaida zisizo na tabo: Isuzu 4JA1 ya lita 2.5, Isuzu 4JB1 ya lita 2.8, na Toyota 3L ya lita 2.8. Nguvu zao ni za farasi 90 hivi au pungufu, kiasi ambacho giaboksi ya zamani yaweza kustahimili. Hazishikani na giaboksi hiyo bila bamba la kuunganishia, na bamba lisilochongwa sawasawa, hata kwa unene wa unywele, hula beringi za giaboksi na kuchoma klachi. Kazi hiyo ifanywe kwa mashine ya kuchongea, isifanywe kwa tupa na macho. Lakini faida yao ni kubwa: injini hizo zimo katika pikapu nyingi za nchi hii, na mafundi wa jua kali wazijua. Chujio, gasketi na pampu ya maji haziagizwi ng'ambo. Injini ambayo kila kipuri chake chatoka barabara ya Kirinyaga huko Nairobi, safari ya zaidi ya kilometa 350, italaza gari wiki nzima kwa sababu ya mpira mmoja.

Yako pia mambo ya mwendo. Katika Land Rover ya Series III, gia ya nne ikiwa ndani, injini huzunguka mara 5.4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, injini huwa yazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Dizeli ngeni haitageuza hesabu hiyo. Gari litavuta vizuri zaidi, lakini halitakuwa na mbio za basi la Nairobi. Anayetia injini kwa kutaka mbio atasikitika.

BREKI

Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi husahau, nalo laweza kuua. Injini ya petroli inapovuta hewa hufanya mvuto ndani ya bomba lake la kuingizia hewa, na katika magari yenye kisaidia breki mvuto huo ndio umsaidiao dereva kukanyaga. Injini ya dizeli haina mvuto huo. Lazima iwe na pampu ndogo ya kuvuta hewa, na katika Isuzu na Toyota zilizotajwa pampu hiyo mara nyingi imeshikamana na jenereta ya umeme. Fundi akiiacha jenereta hiyo na kufunga nyingine aliyonayo, injini itawaka, taa zitawaka, na gari litatoka kwa furaha. Kisha kwenye mteremko, likiwa na abiria, kanyagio cha breki kitakuwa kigumu kama jiwe. Mwenye gari asipokee gari lake kabla ya kukanyaga breki injini ikiwa yanguruma, na kuona kwamba zalainika.

Katika kununua, injini ya mtumba isikilizwe ikiwa inawaka, tena ikiwaka baridi. Kifuniko cha oili kifunguliwe: oili iliyo kama maziwa ni dalili ya maji. Pampu ya dizeli iwe ya kawaida, si ile inayoongozwa na kompyuta, kwa maana nyaya hizo na mito ya Kakamega si marafiki. Na tangi la petroli lioshwe kabisa kabla ya kutiwa dizeli.

Risiti ya injini na karatasi za forodha zihifadhiwe. Namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari, basi ikibadilika, au petroli ikigeuka dizeli, mwenye gari hana budi kupeleka habari kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na gari likaguliwe. Namba isipolingana na kitabu, polisi watauliza injini imetoka wapi, na kampuni ya bima itakuwa na neno siku ya ajali.

Kwa mtu yule wa Shinyalu, ikiwa fremu ni nzima na gari hutoka mara mbili tatu kwa wiki, kuchonga silinda za injini yake ya zamani ndiyo njia ya fedha kidogo, na haibadilishi chochote kitabuni. Ikiwa gari lafanya kazi kila siku, dizeli ya Isuzu au 3L italipa gharama yake kwa mafuta itakayookoa. Kwa njia yoyote, abakize fedha za klachi mpya, mauntingi, na kubadili oili baada ya kilometa 1,000 za kwanza, kisha bolti zote zikazwe upya kabla ya mvua kubwa za mwezi wa Aprili.